Mtanuko: Shubiri, Bawa na Daraja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni. Yachapishwa hapa kwa ombi la wale waliozuiwa na kazi wasiweze kuhudhuria.)



Halmashauri ilitutaka tuseme juu ya jambo lolote la elimu, ila lisiwe la mishahara, kwa kuwa mishahara imekwisha kusemwa sana katika chumba hiki wala haikurefuka. Basi tumechagua neno moja tu, nalo ni neno la urefu. Waingereza hulitumia neno lao “span” kwa mambo matatu ambayo sisi twayaita kwa majina mbalimbali: kwa shubiri ya mkono, kwa mabawa ya ndege yaliyokunjuliwa toka ncha hata ncha, na kwa nafasi iliyo wazi chini ya daraja kati ya nguzo na nguzo. Aliyewahi kunakili barua za idara ya ujenzi amekutana nalo, na pengine alijiuliza shubiri imeingiaje katika habari za chuma. Twataka kuonyesha ya kuwa si jina tu lililo moja. Jambo lenyewe ni moja, na hesabu yake ni moja, na mahali iliposahauliwa watu walikufa. Kwa Kiswahili tutaliita jambo hilo mtanuko.

Wazee wetu walipima kwa mwili. Toka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha shahada, vidole vikiwa vimetanuliwa, ni futuri. Toka gumba hata kidole cha mwisho ni shubiri, kadiri ya inchi 9. Shubiri mbili ni mkono mmoja, yaani toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Na mikono minne ni pima, nayo ni urefu wa mtu aliyetanua mikono yake yote miwili kama atakaye kumkumbatia mgeni. Nguo ziliuzwa hivyo, kamba za jahazi zilipimwa hivyo, na baharia aliyetupa bildi alihesabu pima za maji. Pima ni kadiri ya futi 6, na kwa watu wengi hukaribia sana kimo cha mtu mwenyewe. Hivyo kila mmoja wetu anao mtanuko wake, ingawa hana mabawa.

Na ajaribu mtu. Asimame, atanue mikono yake, akae hivyo dakika tano. Hatachoka ncha za vidole, atachoka mabega. Kisha apewe kitabu kidogo cha stakabadhi katika kila mkono, naye ataomba kuketi upesi. Kitabu kile kile akikishika karibu na kifua hukibeba toka ofisini hata nyumbani bila kukikumbuka. Kitabu hakikuongezeka uzito hata kidogo. Kilichoongezeka ni umbali wake na bega. Hapo ndipo penye mzizi wa maneno yetu yote: kitu kilichotanuliwa hudaiwa malipo, na malipo hayadaiwi pale mzigo ulipo bali pale kitu kilipoungwa.

Watu wa pwani waliijua habari hii katika nyumba zao. Mgeni akiingia nyumba za mawe za zamani, za Lamu au za Unguja, au akitembea katika magofu ya Gedi, huona vyumba virefu lakini vyembamba, upana wake kadiri ya futi 8 au 9. Wako wanaosema kwamba ni desturi tu, au ni kwa ajili ya sitara. Sisi twaona desturi hiyo ilizaliwa na mti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe hushindiliwa chokaa, mzigo mzito kabisa. Boriti ya mkoko ni ngumu, na mchwa hauipendi, walakini haiendi mbali. Ikitanuliwa kupita kadiri yake hubonyea, na dari hupasuka. Basi fundi aliyetaka chumba kikubwa alikirefusha, hakukipanua. Boriti hizo hizo zilipakiwa katika majahazi zikapelekwa Arabuni na nchi za Ghuba, na huko nako vyumba vya nyumba za zamani vilitii urefu wake. Mti uliokatwa matopeni mwa Rufiji ukaamua upana wa ukumbi wa tajiri wa Kuwait.

Hesabu yenyewe si ngumu, nasi twaomba radhi kwa wale walioijua. Laza ubao juu ya mawe mawili, upange mzigo sawasawa toka mwanzo wake hata mwisho. Ukisogeza mawe hata mtanuko uwe maradufu, mzigo wa kila futi ukiwa ni ule ule, nguvu inayotaka kuuvunja ubao katikati haiwi maradufu, huwa mara nne. Na kubonyea kwake huwa mara kumi na sita. Ufanye mtanuko mara tatu, nguvu ya kuvunja ni mara tisa. Fundi atasema, Haidhuru, tutaunenepesha ubao. Vema, lakini ubao mnene ni mzito, na uzito wake wenyewe ndio mzigo wa kwanza unaoubeba, kabla ya mtu yeyote kukanyaga. Galileo, mtaalamu wa Italia, katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1638, alieleza ya kuwa kitu kikikuzwa pande zote kwa kipimo kimoja hakibaki na nguvu ile ile. Kikuze maradufu kwa urefu, kwa upana na kwa kimo: uzito wake utakuwa mara nane, lakini mkato wake unaoshika uzito huo utakuwa mara nne tu. Ndiyo sababu mguu wa tembo si mguu wa swala uliokuzwa. Na kwa kila aina ya mti na kila aina ya chuma uko mtanuko wa mwisho, ambao ukiupita kitu huanguka kwa uzito wake mwenyewe, hata kama hapiti juu yake paka.

Sasa tuwatazame ndege. Bawa ni daraja lililopinduliwa. Daraja la kawaida hushikwa kwenye ncha zake mbili, na mzigo hulisukuma chini katikati. Ndege akiwa hewani, mzigo, yaani mwili wake, uko katikati, na hewa humwinua kwa urefu wote wa mabawa hata nchani. Mahali panapotaka kuvunjika ni bega, kama tulivyoona kwa mikono yetu.

Kwa nini basi ndege ajitaabishe kuwa na mabawa marefu? Sababu ni hii. Hewa iliyo chini ya bawa hulisukuma kwa nguvu kuliko ile ya juu, nayo hutafuta njia ya kwenda juu kwa kuzunguka ncha ya bawa, kama mtu aikwepaye foleni kwa kupita mlango wa nyuma. Hewa hiyo huacha kisulisuli nyuma ya kila ncha, na kazi ya kukizungusha kisulisuli ni nguvu ya ndege iliyopotea bure. Ncha zikiwa mbalimbali sana, upotevu hupungua. Na hapa hesabu yaja kwa upole, kwa maana uzito na mwendo vikiwa vile vile, mtanuko ukifanywa maradufu ukinzani wa namna hii hushuka hata kuwa robo. Hiyo ndiyo faida ya mtanuko. Deni lake, kama kawaida, liko begani.

Bingwa wa faida hii ni ndege wa bahari za kusini aitwaye albatrosi. Wale wakubwa mtanuko wao hufika futi 11, na uzito wao ni kadiri ya ratili 20 tu. Bawa lake ni refu na jembamba. Toka ukingo wa mbele hata ukingo wa nyuma ni karibu shubiri moja. Begani anayo kano inayolifunga bawa likiwa limekunjuliwa, hata hahitaji kulishika kwa nguvu ya nyama zake. Laiti sisi tungekuwa na kano hiyo, lile jaribio la vitabu vya stakabadhi lisingetutoa jasho. Kwa hiyo albatrosi husafiri juu ya mawimbi mamia ya maili karibu bila kupiga bawa, akiutumia upepo. Lakini mtazame akitaka kuondoka: hukimbia kama mtu aliyeachwa na treni, na siku isiyo na upepo hukaa juu ya maji akingoja.

Kwetu yuko kongoti mkubwa mwenye kifuko shingoni, ambaye watu wa Kampala wamjua sana kwa kukaa juu ya miti ya mji na penye majalala. Mtanuko wake hupata futi 9 na zaidi. Yeye na tumbusi wa Serengeti hawatoki alfajiri. Si uvivu, wangoja jua lipashe ardhi joto, hewa ipande, nao wapande pamoja nayo wakizunguka. Mabawa yao si membamba kama ya albatrosi, bali mapana, na manyoya ya ncha hutanuka kama vidole vya mkono wa mtu apimaye shubiri. Manyoya hayo hupunguza ule upotevu wa nchani, ili bawa lisihitaji kurefuka mno. Kanga na kwale wao wana mabawa mafupi ya mviringo. Kwa safari ndefu hawafai kitu, lakini kwa kuchomoka ghafula chini ya kichaka mwenye futi 11 angekuwa kitoweo kabla hajamaliza kuyakunjua.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini hakuna ndege mwenye mtanuko wa futi 50? Jibu ni lile la Galileo. Mkuze ndege maradufu pande zote: uzito mara nane, eneo la mabawa mara nne. Basi kila shubiri ya bawa hubeba uzito maradufu, hana budi kwenda kwa kasi zaidi ili asianguke, na kuondoka chini huwa shida juu ya shida. Zamani sana walikuwako wakubwa kuliko wa leo. Mwaka 1983, watu walipokuwa wakichimba msingi wa jengo la kiwanja cha eropleni huko Charleston, Marekani, waliona mifupa ya ndege wa bahari aliyekufa miaka milioni nyingi iliyopita. Wataalamu walimtangaza mwaka 2014, wakakadiria mtanuko wake kuwa futi 20 hata 24. Kufukuliwa mahali pale pajengwapo kituo cha eropleni ni jambo la kuchekesha kidogo.

Eropleni nayo imepita njia ile ile. Ile ya ndugu Wright, iliyoruka Marekani tarehe 17 Desemba 1903, ilikuwa na mtanuko wa futi 40 na inchi 4, na safari yake ya kwanza ilikuwa ya futi 120, yaani mara tatu tu ya mtanuko wake. Mwaka 1947 tajiri Howard Hughes alirusha eropleni ya mbao, ya kutua majini, yenye mtanuko wa karibu futi 320. Iliinuka kidogo juu ya maji, ikaenda kadiri ya maili moja, ikatua, wala haikuruka tena. Siku hizi mpaka hauwekwi na chuma peke yake bali na viwanja pia. Nafasi kubwa iliyowekwa kwa eropleni moja katika viwanja vikubwa ni meta 80 kwa 80, na ile Airbus A380, iliyoruka kwanza mwaka 2005, ilipewa mtanuko wa meta 79 na sentimeta 75. Waundaji walibakiza shubiri moja na kidogo tu. Wahandisi wa Boeing walipounda ile 777-9, iliyoruka kwanza mwaka 2020, walifanya ncha za mabawa zikunjwe ikiwa chini: angani mtanuko ni futi 235, na mbele ya jengo la abiria ni kama futi 213. Ndege yeyote wa mtini angewaambia hivyo bila malipo.

Tuje kwenye madaraja, ambako ndiko tulikotaka kufika. Kwanza tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nasi makarani huyachanganya katika majedwali. Urefu wa daraja si mtanuko wake. Daraja la Kigamboni, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2016, lina urefu wa meta 680, lakini mtanuko wake mkubwa, yaani nafasi ya wazi iliyo kubwa kati ya nguzo na nguzo, ni meta 200. Daraja la treni la Maporomoko ya Victoria, lililomalizika mwaka 1905, ni fupi kuliko hilo kwa urefu wote, lakini upinde wake mmoja waruka futi 500 juu ya korongo la Zambezi. Huwezi kusimamisha nguzo chini mle. Ndipo mhandisi alipolazimika kulipa bei ya mtanuko. Anayeweza kusimamisha nguzo za kutosha aweza kujenga daraja la maili kumi kwa mbao fupi fupi. Asiyeweza, hana budi kutafuta namna nyingine, na mojawapo ni kutundika njia kwa kamba za chuma, kwa kuwa kamba huvutwa tu wala haipindwi. Daraja la namna hiyo lililofunguliwa Uturuki mwaka 1922 ukiongeza miaka mia, yaani mwaka 2022, lina mtanuko wa meta 2,023. Nalo limepewa meta hizo 2,023 kwa ajili ya kuadhimisha miaka mia ya Jamhuri ya nchi hiyo, iliyotimia mwaka 2023.

Namna nyingine ni ya mikono. Mwaka 1887, daraja la Forth lilipokuwa likijengwa huko Uskochi, mhandisi Benjamin Baker alitaka kuwaeleza watu jinsi litakavyosimama. Aliweka watu wawili juu ya viti, wametanua mikono yao na kushika fimbo zilizoegemezwa vitini. Mikono yao ya nje ilifungwa kwa mizigo ya matofali. Katikati yao, juu ya ubao uliotundikwa kwenye mikono yao ya ndani, aliketi kijana mhandisi wa Kijapani, Kaichi Watanabe, naye hakuanguka. Picha ile ipo hata leo, na anayeijua pima ya wazee wetu hahitaji kuelezwa zaidi. Daraja la Forth lilifunguliwa mwaka 1890, na mtanuko wake ni futi 1,710. Kila nguzo ni kama ndege aliyekunjua mabawa yake, na kati ya ncha na ncha kimelazwa kipande kifupi.

Sasa, huko Kanada, watu wa Quebec walitaka daraja la namna hiyo juu ya mto St. Lawrence. Mhandisi mshauri alikuwa Theodore Cooper wa New York, mtu mwenye sifa kubwa kuliko wengi wa wakati wake. Ramani za kwanza zilikuwa za mtanuko wa futi 1,600. Mwaka 1900 Cooper alishauri mtanuko uwe futi 1,800, ili nguzo zisimame mahali penye maji machache, mbali na kilindi na barafu. Sababu hizo zilikuwa njema. Pia, kwa futi hizo 1,800, daraja lake lingelipita lile la Forth na kuwa la kwanza duniani. Twaona si dhuluma kudhani kwamba jambo hilo nalo halikumchukiza.

Wanachama wataona upesi kilichotakiwa kufuata. Mtanuko umeongezeka kwa sehemu moja ya nane. Basi chuma lazima kinenepe, uzito uongezeke kuliko sehemu moja ya nane, na hesabu zote zianze upya. Ramani zilichorwa upya. Lakini makadirio ya uzito wa daraja lenyewe, yale yaliyotumiwa kupima nguvu za kila kiungo, yaliachwa kama yalivyokuwa kwa zile futi 1,600. Hapakuwa na wizi wala ulevi. Tarakimu za jalada la zamani zilihamishwa katika jalada jipya, na kila aliyezipokea aliona zimekwisha kupitishwa na mkubwa wake. Fedha zilikuwa chache, na majaribio ya chuma hayakufanywa kama ilivyopasa. Serikali ilipotaka ramani zitazamwe na mhandisi wake, Cooper alikataa kuwa na mtu juu yake, nayo ikakubali. Afya yake haikuwa njema. Sehemu ya juu ya daraja, ile ya chuma, ilijengwa toka mwanzo hata mwisho wake bila yeye kuiona kwa macho.

Mwaka 1906 ilimfikia taarifa ya kuwa chuma kinachotoka kiwandani kina uzito kuliko ule uliokadiriwa. Wakati huo sehemu kubwa ilikwisha kuchongwa, na nyingine imekwisha kupandishwa juu ya mto. Kusema kweli kungekuwa ni kuanza upya. Cooper alipiga hesabu, akaona ziada hiyo yaweza kuvumilika, kazi ikaendelea.

Katika Agosti 1907 boriti za chini za chuma zilizo karibu na nguzo kuu zilianza kupinda. Kila boriti ilikuwa ni mabamba manne marefu yaliyosimamishwa sambamba na kufungwa pamoja kwa vipande vilivyokingamana, na vipande hivyo vilikuwa dhaifu kwa kazi hiyo. Boriti moja iliyokuwa imepinda robo tatu ya inchi ilionekana baada ya wiki moja imepinda inchi 2 na robo. Wengine kazini walisema ilikuja hivyo toka kiwandani. Mkaguzi kijana wa Cooper, Norman McLure, hakuridhika. Aliondoka akaenda New York kumwona mkubwa wake uso kwa uso, akafika asubuhi ya tarehe 29 Agosti. Cooper alifahamu mara moja. Alipeleka simu ya maandishi akiagiza mzigo usiongezwe juu ya daraja hata mambo yatazamwe. Lakini hakuipeleka Quebec. Aliipeleka Phoenixville, Pennsylvania, kwenye ofisi ya kampuni iliyokuwa ikijenga, akidhani huko watajua la kufanya. Simu ilifika alasiri. Mabwana wa kampuni walikutana na McLure, wakaona jambo lingoje hata asubuhi.

Siku ile ile, kadiri ya saa kumi na moja na nusu jioni, watu walipokuwa karibu kuacha kazi, boriti zile zikakunjika. Mkono wote wa kusini, tani 19,000 za chuma, ulianguka katika muda wa kama robo ya dakika, na kishindo kilisikiwa mjini Quebec, maili kadha wa kadha toka pale. Waliokuwa juu ya daraja ni watu 86, walikufa 75. Katika hao 33 walikuwa Wamohoki wa kijiji cha Kahnawake, wenyeji wa nchi ile, waliokuwa na sifa ya kupanda juu ya chuma bila hofu. Kijiji kimoja kikapoteza watu 33 jioni moja.

Tume ya Kifalme iliyochunguza habari hiyo ilitoa taarifa yake mwaka 1908. Ilisema boriti za chini ndizo zilizovunjika, kwa kuwa ziliundwa vibaya, na lawama iliwekwa juu ya uamuzi wa wahandisi wawili, Cooper na mchoraji mkuu wa kampuni, Peter Szlapka. Lakini ilisema neno jingine, na hilo ndilo lililotufanya tulete habari hii mbele ya makarani. Kosa la kutohesabu upya uzito lilikuwa kubwa kiasi ambacho, hata kama boriti zile zingekuwa imara, lingetosha peke yake kulifanya daraja lote likataliwe. Wako watu wanaosema kwamba Cooper alionewa, kwa kuwa alikuwa mgonjwa na ujira wake ulikuwa mdogo. Ujira mdogo twaujua. Hata hivyo twaona tume ilisema haki, kwa maana mwenye kukataa kuangaliwa na mwingine amejitwalia kazi ya yule mwingine pia.

Daraja lilijengwa tena. Safari hii boriti za chini zilifanywa nene zaidi ya maradufu. Mwaka 1916, kipande cha katikati, cha uzito wa tani 5,000, kilipokuwa kikivutwa juu toka kwenye maji, kiungo kimoja cha kukishikia kilivunjika, kikazama mtoni, wakafa watu wengine 13. Kikafanywa kingine, kikapandishwa Septemba 1917, na treni zikaanza kupita kabla ya mwisho wa mwaka ule. Zapita hata leo, pamoja na motokaa. Kati ya madaraja yote ya namna ya mikono duniani hakuna lililolipita bado, na mtanuko wake ni zile zile futi 1,800 alizozitaka Cooper.